Huyu Pia ni Mtoto Wenu



Wapendwa mume na mke, mara hii tuzungumze juu ya mtoto ambaye hamkumzaa ninyi lakini analala chini ya paa lenu. Huenda mlimchukua kwa njia ya mahakama. Huenda ni mtoto wa marehemu ndugu yako, au wa dada wa mke wako aliyeshindwa na maisha. Huenda ni binti mliyemtoa mashambani kwa ahadi kwamba mtamsomesha. Karibu kila mtaa wa parokia zetu una mtoto wa namna hiyo, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini kupokea ni siku moja, na kulea ni miaka. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Ili tusizungumze maneno ya juu juu, tuitazame kesi moja iliyosikilizwa huko Marekani mwaka wa 2013. Washtakiwa hawakuwa walevi wala wahuni wa barabarani. Walikuwa mume na mke Wakristo, wenye sheria kali za dini nyumbani mwao. Ndiyo maana kesi hiyo inatuhusu.

KESI YA HANA

Hana alizaliwa Ethiopia. Mwaka wa 2008 yeye na mvulana mmoja asiyesikia, ambaye hawakuwa wa tumbo moja, walichukuliwa na Larry na Carri Williams wa mji wa Sedro-Woolley, katika jimbo la Washington. Nyumba hiyo ilikuwa na watoto saba wa kuzaliwa tayari. Watoto walifundishiwa nyumbani, hivyo hapakuwa na mwalimu wa kuwatazama kila asubuhi. Mtu akiwatazama kwa nje angesema: hawa ni watu wema, wana watoto saba na bado wamewafungulia wengine wawili mlango.

Mahakamani yalisikika mambo mengine. Hana alifungiwa kabatini. Alilazwa ghalani. Alioga nje kwa mpira wa maji, akatumia choo kilichowekwa nje, ilhali wenzake walitumia bafu na choo cha ndani. Wengine walipoketi mezani, yeye alikula peke yake, mara nyingine chakula kilichoganda kwa baridi. Alinyolewa nywele kama adhabu. Alipigwa. Yote haya yaliitwa malezi. Makosa yake yaliitwa ukaidi na uasi.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 2011 Hana alikuwa uani kwa saa nyingi, kwenye baridi na manyunyu ya mvua. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Alipoletwa ndani alikuwa amechelewa. Uchunguzi ulionyesha kwamba aliuawa na baridi, na kwamba utapiamlo na ugonjwa wa tumbo ulichangia. Hati zake zilisema ana umri wa miaka 13. Hata umri huo ulibishaniwa mahakamani, na ikabidi mwili wake ufukuliwe ili upimwe, kwa sababu shtaka kubwa zaidi lilihitaji mtoto awe chini ya miaka 16. Fikirini jambo hilo: mtoto ameishi nyumbani mwenu karibu miaka mitatu, na anafukuliwa kaburini ili ulimwengu ujue alikuwa na miaka mingapi.

Kesi ilisikilizwa mjini Mount Vernon kwa muda wa wiki saba hivi. Yule mvulana asiyesikia alitoa ushahidi kwa lugha ya ishara. Watoto wa kuzaliwa wa nyumba hiyo nao waliitwa kueleza waliyoyaona. Tarehe 9 Septemba 2013 jopo la raia lilitoa uamuzi. Mke alipatikana na hatia ya mauaji kwa njia ya unyanyasaji. Kuhusu mume, jopo halikuafikiana juu ya shtaka hilo, lakini lilimpata na hatia ya kuua bila kukusudia. Wote wawili walipatikana na hatia ya kumdhulumu yule mvulana. Mwezi wa Oktoba mwaka huo mke alihukumiwa kifungo cha karibu miaka 37, na mume karibu miaka 28.

Huko Ethiopia habari za Hana ziliumiza wengi, na mwezi wa Januari 2018 bunge la nchi hiyo lilipiga marufuku watoto wake kuchukuliwa na wageni wa nchi za nje.

KILA MMOJA ALIMNYOSHEA MWENZAKE KIDOLE

Wanandoa wapendwa, jambo moja katika kesi hii linafaa kuzungumzwa katika ukurasa wa ndoa kuliko mahali pengine. Mume na mke walikaa katika chumba kimoja cha mahakama, na kila mmoja akamtupia mwenzake lawama. Mume alisema mambo ya watoto yalikuwa mikononi mwa mke, yeye alikuwa kazini. Mke naye akasema mume alikuwa na sehemu yake katika adhabu zile. Umoja wao ulikuwa na nguvu wakati wa kumwadhibu mtoto. Ulipofika wakati wa kujibu, ulivunjika.

Hayo si mapya. Adamu alimlaumu mke aliyepewa na Mungu, na Hawa akamlaumu nyoka. Lakini kuna mume na mke wengine katika Maandiko ambao hatuwasomi sana tunapofundisha ndoa. Ni Anania na Safira, katika sura ya tano ya Matendo ya Mitume. Waliuza shamba, wakazuia sehemu ya fedha, wakasema wametoa zote. Walikuwa wamepatana. Kama kupatana peke yake kungekuwa ndiyo ndoa njema, basi wale walikuwa na ndoa njema sana.

Tazameni sasa alichofanya Petro. Anania alipokufa, Petro hakumhukumu Safira kwa kosa la mumewe. Mama huyo alipoingia saa tatu baadaye, Petro alimwuliza yeye peke yake. Alimpa nafasi ya kusema kweli. Neno moja tu la kweli lingemtoa katika shimo lile. Naye akachagua kurudia uongo wa nyumba.

Hapo tunajifunza kwamba sakramenti ya ndoa inatufanya mwili mmoja, lakini haitufanyi dhamiri moja. Siku ya mwisho hakuna atakayejibu kwa kusema, "Mume wangu ndiye kichwa cha nyumba," au "Mke wangu ndiye anayeshinda na watoto." Baba, ukitoka alfajiri na kurudi usiku, bado utaulizwa: Ulipomwona yule mtoto amekonda, uliuliza nini? Mama, kama mzee wa nyumba ndiye mwenye mkono mzito, bado utaulizwa: Ulipomsikia yule mtoto akilia, ulikwenda wapi? Utii wa ndoa ni utii katika Bwana. Kumtii mwenzako katika kumtesa mtoto ni kuwa Safira wa pili.

Wako wanaoogopa kusema kwa sababu wameambiwa kwamba mambo ya nyumba ni siri ya nyumba. Ni kweli, kuna mambo ambayo mume na mke huyafunika kwa upendo. Mume amepoteza pesa, mke amekosa neno mbele ya mama mkwe, hayo yafunikeni. Lakini maumivu ya mtoto si mali yenu ya kufunika. Mtoto ni wa Mungu kabla hajawa wenu.

NA FIMBO JE?

Najua swali litakalofuata. Wasomaji wengi watasema: Katekista, je, kitabu cha Mithali hakisemi kwamba asiyetumia fimbo anamchukia mwanawe? Na wazee wetu hawakusema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe?

Wale wazazi wa Marekani nao walikuwa na majibu ya namna hiyo. Nyumbani mwao kulipatikana kitabu cha malezi kiitwacho To Train Up a Child, kilichotolewa mwaka wa 1994 na mhubiri mmoja na mkewe. Kitabu hicho kinafundisha kumpiga mtoto mpaka akubali kutii. Waandishi wake walikana kwamba walifundisha mambo aliyotendewa Hana. Hata hivyo tunaona hatari ilipo. Mzazi akiamini kwamba kazi yake ni kushinda vita dhidi ya mtoto, hajui mahali pa kusimama. Kiboko cha kwanza kisipozaa utii, anaongeza cha pili. Viboko visipotosha, ananyima chakula. Njaa isipotosha, anamtoa nje kwenye baridi. Kila hatua anajiambia kwamba akirudi nyuma sasa, mtoto atakuwa ameshinda.

Maandiko tuyasome yote, tusikate kipande kinachotupendeza. Mithali inataka mtoto afundishwe nidhamu, wala hakuna anayepinga. Lakini fimbo ile ile imo katika Zaburi ya mchungaji mwema, na huko kondoo anafarijika akiiona. Mchungaji huitumia kumwongoza kondoo na kumfukuza mnyama mkali. Naye Mtume Paulo, anapowaandikia Waefeso na Wakolosai, baada ya kuwaambia watoto watii, anawageukia akina baba na kuwaonya wasiwachokoze watoto hata wakakata tamaa. Maneno ya Paulo kwa akina baba mbona hatuyakariri kama tunavyokariri ya Mithali?

Na ile methali ya mchelea mwana kulia ilisemwa juu ya mzazi anayeogopa kumkataza mtoto. Kukataza ni kazi ya kila siku: kumnyima ruhusa ya kutembea usiku, kumrudisha akaombe msamaha kwa jirani, kumfanya aoshe alichokichafua. Mtoto atalia, na utamwacha alie. Lakini chakula, godoro, blanketi, choo, shule na sala pamoja na wengine si vitu vya kuadhibia. Hivyo ni haki yake akiwa amekosa au hajakosa. Mungu mwenyewe huwanyeshea mvua wema na wabaya.

Sheria ya nchi yetu pia iko wazi. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa asitendewe ukatili wala kupewa adhabu isiyo ya kibinadamu, na inasema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 inayafafanua hayo. Mtoto aliyeasiliwa kwa amri ya mahakama ana haki sawa na aliyezaliwa katika ndoa yenu. Kanisa nalo, katika kanuni ya 110 ya Sheria za Kanisa, linamhesabu mtoto aliyeasiliwa kwa mujibu wa sheria za nchi kuwa mtoto wa wale waliomchukua. Kwa hiyo neno "si wetu" halina pa kukaa, serikalini wala kanisani.

MTAZAME SAHANI YAKE

Mtu akitaka kuijua nyumba inayolea mtoto wa mwingine, asiulize maswali mengi. Atazame sahani. Ni nani anapakuliwa mwisho? Nani anapewa ukoko wa sufuria? Ni nani anayeamka wa kwanza kuwasha moto na kulala wa mwisho baada ya kuosha vyombo? Sare ya shule ya nani imekuwa fupi tangu mwaka jana? Karo ikipungua, ni nani anayeambiwa akae nyumbani muhula huu? Wageni wakija, nani anatambulishwa kwa jina na nani anaitwa "huyu tunamsaidia tu"?

Mateso ya Hana hayakuanza na usiku ule wa baridi. Yalianza na kumtenga mezani. Mtoto akishatengwa mezani, ni rahisi kumtenga kitandani, kisha kumtenga katika sala ya familia, na mwisho kusahau kwamba ni mtu.

Msisahau pia kwamba watoto wenu wa kuzaliwa wanatazama. Mkimtesa mmoja mbele yao, wao hawatoki salama. Watajifunza kwamba aliye dhaifu anaweza kuumizwa na watu wanaosali, na kwamba ukitaka kupendwa unyamaze. Siku moja watakuwa waume na wake wa watu.

Mtoto aliyeletwa akiwa mkubwa anakuja na msiba moyoni. Ameacha lugha yake, chakula alichozoea, nyanya yake, labda kaburi la mama yake. Akikojoa kitandani, akificha mkate chini ya mto, akikaa kimya unapomwuliza, usiseme upesi kwamba ana roho ya uasi. Huenda anaficha mkate kwa sababu aliwahi kulala na njaa. Huenda ananyamaza kwa sababu hajui kama atarudishwa kesho. Kulia kwake kunahitaji muda, na muda huo ndio mlioahidi mlipompokea.

Mtakatifu Yosefu, baba mlishi wa Bwana, hakumzaa Yesu. Lakini alipoonywa usiku kwamba mtoto anatafutwa auawe, aliondoka usiku ule ule. Hakungoja kupambazuke. Hiyo ndiyo alama ya mzazi: mtoto akiwa hatarini, unaamka.

MFANYE NINI?

Kwanza, kabla hamjampokea mtoto, zungumzeni ninyi wawili mpaka mkubaliane kweli. Mmoja akikubali kwa kusukumwa na ukoo au kwa aibu ya jumuiya, mtoto ndiye atakayelipa. Msimchukue ili msifiwe, wala ili mpate mtumishi asiye na mshahara. Mkitaka kumwasili, fuateni njia ya sheria, hata kama ni ndefu. Papa Yohane Paulo wa Pili katika waraka wake wa mwaka wa 1981 juu ya familia, na Papa Fransisko katika ule wa 2016, waliitaja kazi hii kuwa tendo la upendo mkubwa. Upendo mkubwa hauhitaji haraka.

Pili, kubalianeni juu ya nidhamu kabla kosa halijatokea, na iwe ile ile kwa watoto wote. Adhabu ambayo usingempa uliyemzaa, usimpe uliyempokea.

Tatu, kuchoka si dhambi. Wako wazazi wema wanaolea kwa machozi, na mtoto bado anawatukana. Mama, ukiona hasira imekupanda, toka nje, mwite mwenzako ashike zamu. Mwombeni shangazi au msimamizi wa ubatizo amchukue mtoto wikendi moja. Semeni katika jumuiya ndogo ndogo, "Tumelemewa." Nyumba ya Hana haikuwa na macho mengi ya kuitazama. Yenu isiwe hivyo.

Nne, ukimwona mwenzako amevuka mpaka, msimamishe siku hiyo hiyo. Mtoe mtoto hapo kwanza, mazungumzo yafuate baadaye. Asiposikia, mwite mtu wa tatu anayemheshimu: wasimamizi wenu wa ndoa, paroko, mzee wa familia. Na kama mtoto ameumizwa au maisha yake yako hatarini, usingoje kikao. Mpeleke hospitalini, na uwaarifu afisa wa watoto, chifu au polisi. Kuna pia simu ya bure ya kuwasaidia watoto, nambari 116. Utaogopa kwamba unavunja ndoa. Ndoa ilikwisha pasuka pale mtoto alipoumizwa. Wewe unazuia kifo.

Tano, aliyekosa asidhani kwamba kitubio kitaifuta sheria. Padre atakupa ondoleo ukitubu kweli, lakini toba ya kweli inakwenda kurekebisha. Zakayo hakuishia kusema samahani. Alirudisha.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

Leo jioni, watoto wakisha lala, ketini wawili mjiulize:

Je, kuna mtoto katika nyumba hii anayekula, kulala au kuvaa tofauti na wengine? Nani kati yetu aliona kwanza, na kwa nini hakusema?

Kuna adhabu gani ambayo tungeona aibu kama paroko angeingia ghafla na kuikuta?

Je, mimi nikikosea juu ya mtoto, wewe mwenzangu una uhuru wa kuniambia? Mara ya mwisho uliponiambia, nilikujibu vipi?

Kisha mwiteni Mungu pamoja:

Ee Baba, umetupa mtoto ambaye hatukumzaa. Tusaidie tusimhesabie chakula anachokula wala nafasi anayoichukua. Utupe uvumilivu akituchosha, na ujasiri wa kuambiana kweli tukikosea. Utukumbushe kwamba ampokeaye mtoto mmoja kwa jina la Mwanao, amempokea yeye. Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa familia, utuombee. Amina.